Mtandao Hausumbui

Ipo sentensi moja ya Kiswahili ninayoichukia, na ninasoma uzamili wa isimu, kwa hiyo sentensi ninazokutana nazo ni nyingi. Yenyewe ni hii: "Mtandao unasumbua."

Umeisikia benki baada ya kupanga foleni saa nzima. Umeisikia zahanati, kadi yako ya bima ikiwa mezani mbele ya karani. Umeisikia kwenye dirisha la tiketi, ofisi ya kata, duka la dawa linalopokea malipo kwa simu. Anayeitamka huinua mabega kidogo, nawe unasema "haya," unarudi kesho. Huulizi mtandao upi, unasumbua wapi, tangu saa ngapi, nani ameshaambiwa. Kitenzi hicho tunakitumia kwa jino, kwa mbu, kwa mtoto anayekataa kulala, yaani vitu vyenye ukaidi wao, ambavyo mtu mwenye akili huvivumilia tu. Tumekihamishia kwenye mashine zenye wenyewe, mafundi, mikataba na ankara, na hakuna aliyeshtuka.

Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo sentensi hiyo ilikuwa haipiti.

Nyumba iko Tanga. Mwaka 2006 nilikuwa na miaka tisa, na Mama, mwalimu wa sekondari, alikuwa akisoma shahada ya Chuo Kikuu Huria usiku, akishamaliza kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Sebuleni kulikuwa na kompyuta ya mezani iliyonunuliwa mkononi kwa mtu, yenye Windows XP, ambayo mchana ilifunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Pembeni yake ilikaa simu ya mezani, na kati ya hivyo viwili modemu, kisanduku cheusi chenye safu ya taa nyekundu. Intaneti ilipita kwenye waya uleule wa simu. Ukiwa mtandaoni, shangazi akipiga simu kutoka Korogwe anakuta laini ina mtu. Na mtoto akiinua simu ya chumbani kwa utundu, barua pepe ya Mama inakufa njiani. Mtoto huyo nilikuwa mimi, mara mbili, na mara ya pili nililala mapema bila kuambiwa.

Kwa ambao hamkuwahi kuisikia modemu: kwanza inafungua laini, unasikia ule mlio mrefu unaosema simu iko hai. Kisha inapiga namba. Upande wa pili ukipokea, mashine mbili zinaanza kupigiana kelele kama paka na redio mbovu. Kumbe hapo zinapima waya ulivyo mchafu na kukubaliana zizungumze kwa kasi gani. Halafu kimya. Ndani ya kimya hicho jina la mtumiaji na neno la siri vinapelekwa kukaguliwa, na ukikubaliwa, kompyuta mbili ndogo zinawaka kwenye kona ya skrini.

Hatua nyingi zilikuwa na sauti yake, na ikishindikana, unapewa namba ya kosa. Kosa 680: modemu haisikii mlio kwenye laini. Kosa 676: laini ina mtu. Kosa 678: upande wa pili haujapokea. Kosa 691: wamepokea, ila jina au neno la siri limekataliwa. Nilizijua namba hizo kabla sijajua jedwali la tisa.

Siku hizi kelele zile zinawekwa kwenye vichekesho vya mtandaoni, kizazi chetu kinacheka. Lakini spika ile iliwekwa kwa makusudi. Modemu haikuhitaji kusikika ili ifanye kazi, na amri moja fupi ilitosha kuinyamazisha. Iliachwa ipige kelele ili mwenye nyumba asikie kama namba imekosewa na kuna mzee wa watu upande wa pili anasema "haloo, haloo", au kama laini imejaa. Aliyeibuni alidhani kwamba anayeitumia ana masikio na akili. Ni heshima ndogo, lakini tangu wakati ule sijaiona tena kwenye kifaa chochote ninacholipia.

Mama alikuwa na kaunta buku. Juu ya jalada aliandika "SIMU", na ndani alipiga mistari ya safu tano: tarehe, saa, kasi, kosa, hali ya hewa. Safu ya tano ilikuja baadaye, nitaieleza.

Tatizo la kwanza lilikuwa 680. Modemu inasema hakuna mlio, Mama anainua simu, mlio upo, anautega sikioni kwangu: "Upo, haupo?" Upo. Jibu alilipata kwenye kijitabu kilichokuja na modemu, kurasa za mwisho ambazo hakuna anayezisoma. Mashine ilitengenezwa kutambua mlio wa simu wa Marekani, na mlio wa nchi nyingine nyingi si ule. Masikio yetu yalisikia laini hai, masikio yake yalisikia kitu kisichoeleweka na kukiita kimya. Dawa yake ilikuwa kuondoa alama ya vyema kwenye kisanduku cha "subiri mlio kabla ya kupiga", au kuandika amri ATX3 kwenye mipangilio. Aliandika, ikapiga. Nilichojifunza pale sijakisahau: mtu fulani mbali sana aliamua mlio halali unasikikaje, sisi tukawa nje ya uamuzi wake. Ila walau aliacha maandishi. Mwalimu wa Tanga aliweza kumfuata hadi ukurasa wa mwisho na kumrekebisha.

Tatizo la pili ndilo lililozaa safu ya tano. Baadhi ya usiku kasi ilikuwa 44, yaani kilobiti 44 kwa sekunde, na kwa modemu iliyoandikwa 56 hiyo ni kasi nzuri sana kwenye waya wa mtaani. Usiku mwingine ilishuka hadi 26.4, ikakatika baada ya dakika nne, ikakatika tena. Kampuni ya simu ikasema ni virusi. Akasafisha kompyuta. Ikasema amekosea neno la siri. Akawaambia kosa la neno la siri ni 691 na yeye hajawahi kulipata. Kijana wa kaunta akamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, intaneti ndivyo ilivyo."

Alirudi nyumbani akiwa amenuna, akaongeza safu. Masika yalikuwa yameingia. Baada ya wiki tatu daftari lilionyesha kitu ambacho hata mimi niliweza kukisoma: kila penye neno "mvua" pana 26.4 au kukatika, kila penye "kavu" pana 44 na kitu. Akaenda tena kaunta na daftari lake, akaliweka wazi mbele ya mkubwa wa yule kijana, akakaa. Fundi alikuja siku mbili baadaye na ngazi. Kwenye nguzo ya kona, kile kisanduku cha kuungia waya kilikuwa kimepasuka kifuniko. Ndani mlikuwa na maji, sisimizi, na ncha za shaba zilizoota kutu ya kijani. Fundi alikata, akaunga upya, akafunika. Usiku ule mvua ilinyesha na tukapata 45.3, na Mama akaniacha nikae macho kuiona.

Sitaki kurudi huko, nisije nikaeleweka vibaya. Kwa kasi ya 40, faili la megabaiti moja lilichukua dakika tatu na nusu, na kila dakika ilikuwa inaingia kwenye ankara ya simu. Ngurumo ikianza tulikimbilia kuchomoa waya, maana radi ilipita kwenye laini na kuunguza modemu. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani yetu, hakuna aliyelilia zile kelele, hata Mama. Ninachokililia ni namba. Kosa 678 lilikuwa na anwani, lilisema: tumepiga, kule hakujapokelewa. "Mtandao unasumbua" haina kule.

Nakuja sasa kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Mwaka jana niliitwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo, kwa njia ya video, saa 5 asubuhi. Nimepanga chumba Dar es Salaam, nina ruta ya kampuni ambayo sitaitaja, kifurushi cha mwezi kimelipiwa, kimebaki na siku 19. Saa 4 na dakika 40 intaneti ikaondoka. Taa za ruta zote zilikuwa zinawaka vizuri. Simu ikaandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, maneno ambayo ukiyatafakari ni sawa na kuambiwa umefika nyumbani lakini hakuna nyumba. Nikapiga huduma kwa wateja.

"Habari ya asubuhi, mteja wetu mpendwa. Umejaribu kuzima ruta na kuiwasha?"

Nimejaribu.

"Naomba uizime tena, usubiri sekunde 30, halafu uiwashe."

Nikafanya. Nikamuuliza, dada, eneo langu lina hitilafu? Akasema kwenye mfumo wake haoni hitilafu yoyote, labda kifaa changu. Je, anaweza kuona ruta yangu inafika wapi? Akaniomba niizime na kuiwasha. Saa 5 kamili nilikuwa nimeegemea dirisha na bando la laini ya pili. Picha yangu iliganda mara tatu ndani ya dakika sita, sauti ikawa inarudi vipande vipande, mwisho nikajikuta nje ya kikao. Walipoandika, walinishukuru na kunishauri kwamba siku zijazo nijiandae mapema kuhusu mazingira ya usaili. Kujiandaa. Nilikuwa nimepiga pasi hadi pazia la nyuma yangu.

Jioni ujumbe wa simu ukaingia: tatizo lako limetatuliwa, tafadhali tupime kwa nyota. Tatizo lilikuwa nini? Haikuandikwa. Siku tatu baadaye, kwenye kibanda cha chapati, nikamsikia kaka wa mtaa wa pili akisimulia kwamba asubuhi ileile, saa ileile, na kampuni ileile, naye alikuwa anazima na kuwasha ruta. Sisi wawili, na sijui wangapi wengine, tulikuwa tumeinama kila mmoja chumbani kwake, tukiamini ni kifaa chake.

Hapo ndipo penye hila yenyewe. Umeme ukikatika, mtu anatoka nje anatazama taa za jirani. Maji yakikauka unauliza juu ya ukuta, "Kwenu yanatoka?" na ndani ya dakika mtaa mzima unajua kama ni bomba lako au ni la wote. Intaneti haina ukuta wa kuulizia. Jirani ana laini nyingine, wa juu ana kifurushi kingine, wa chini kimemwishia. Mtoa huduma peke yake ndiye anayeona mtaa mzima, naye anatujibu mmoja mmoja kana kwamba kila mmoja yuko peke yake duniani na ruta yake.

Rafiki yangu, mhandisi wa programu, tulibishana naye hadi chai ikapoa. Hoja yake ni kwamba maendeleo ndiyo hayo, vitu kujificha. Nani anataka kujua bomba linapita wapi? Mtu anataka kufungua maji. Tena kuzima na kuwasha kunasaidia kweli, kifaa kinaanza upya, kinaomba anwani mpya, kinajiunga tena na mnara. Hilo la mwisho nalikubali, nimeliona likifanya kazi. Lakini nilimuuliza jambo moja ambalo yeye analijua kuliko mimi: ruta nyingi za nyumbani zikizimwa, kumbukumbu za yaliyotokea zinakwenda wapi? Zinafutika, akasema. Basi amri ya kwanza tunayopewa, kabla ya swali lolote, ni kufuta ushahidi. Sisemi kwamba wamekusudia. Nasema kwamba ingekuwa inawaumiza wao, wangekuwa wameshaibadilisha.

Kuhusu vitu kujificha: mimi sidai kupandishwa kwenye nguzo. Mama hakupanda nguzo. Alihitaji safu tano za daftari na mashine isiyomdanganya.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Msumbiji na kwingineko. Mimi asubuhi ile nilizima na kuwasha ruta mara nne. Nilibadilisha hata soketi ya umeme. Waya umekatika sakafuni mwa bahari, maelfu ya kilomita kutoka chumbani kwangu, na mimi niko magotini nyuma ya kabati nachomoa plagi. Kama kuna picha ya kizazi chetu, nadhani ni hiyo.

Sasa niseme na langu, maana nisingependa nionekane msafi. Mwaka wa kwanza wa uzamili nilifanya kazi ya muda kwenye dawati la msaada wa kompyuta chuoni. Alikuja mzee mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, mtu wa kumwamkia shikamoo na kumsogezea kiti. Kompyuta yake mpakato ilikuwa haiingii kwenye mtandao wa chuo. Nikamwambia, bila hata kuitazama vizuri, "Mzee, zima halafu uwashe." Akaenda. Akarudi kesho yake. Nikamwambia afute mtandao na kuunganisha upya. Alizima na kuwasha siku mbili, mzee wa watu, akiniomba radhi kila mara kwamba yeye na vitu hivi hawaelewani. Siku ya tatu mwenzangu akafungua orodha ya watumiaji: akaunti ya mzee ilikuwa imefungwa na sisi wenyewe kwa sababu ada yake ilichelewa kuonekana kwenye mfumo. Lilikuwa 691 la kawaida kabisa. Jina limekataliwa. Mashine ilikuwa inalijua hilo tangu sekunde ya kwanza, lakini kwenye skrini yake ilimwandikia tu kwamba imeshindwa kuunganisha.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Usijali mwanangu, mtandao unasumbua." Nilitamani ardhi ipasuke.

Darasani tunafundishwa kauli ya kutendeka: kikombe kimevunjika, waya umekatika. Ni uzuri wa lugha yetu kwamba silabi moja inamtoa mtenda kwenye sentensi bila vurugu. Kila mtoto wa Kiswahili anaigundua mapema. Kwetu ukisema "kikombe kimevunjika," Mama anakuuliza, "Kimejivunja?" Hasubiri jibu, anasubiri uione sentensi yako. Ndilo swali ninalotaka tuanze kuwauliza hawa. Mtandao umekatika. Umejikata? Tatizo limetatuliwa. Limejitatua?

Na ninachodai si kikubwa. Mtu akipiga simu, aambiwe kosa liko upande upi: kwake, mtaani, kwenye mnara, au baharini. Aandikiwe lilianza saa ngapi na liliisha saa ngapi. Utaratibu wa kulalamika kwa mdhibiti, TCRA, unakutaka uanze kwa mtoa huduma wako, na hapo lazima uwe na la kusema. Utasema nini kama ulichonacho ni taa zinazowaka na nyota tano zinazosubiri kubonyezwa? Modemu ya mwaka 2006, yenye kasi ambayo leo haiwezi kufungua picha moja ya harusi kwa raha, iliweza kutoa taarifa hiyo kwa tarakimu tatu. Ukiniambia leo haiwezekani, mimi nitakuambia hakuna aliyeombwa.

Nilipomsimulia Mama habari ya usaili, hakunipa pole kwanza. Aliuliza, "Uliandika?"

Sikuwa nimeandika. Nimenunua kaunta buku. Nimepiga mistari, safu sita, kwa sababu nimeongeza moja ya majibu niliyopewa. Hadi leo ina kurasa nne. Safu ya sita inachosha kuisoma, kwa kuwa jibu ni lilelile.

Wiki iliyopita ikaondoka tena, saa 3 na dakika 12 usiku. Nikapiga. Kijana akanikaribisha, akaniuliza kama nimejaribu kuzima ruta na kuiwasha.

Nikamwambia, "Kaka, sijazima na sitazima. Nina tarehe 11 mbele yangu, zote kati ya saa 3 na saa 4 usiku, zote Jumatatu na Alhamisi. Nikusomee?"

Kikapita kimya. Nikasikia kibodi.

"Naomba usikate simu," akasema. "Nakuunganisha na mafundi."

Muziki ukaanza. Nikaandika saa.